Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: Kitulo ihesabiwe kwa maua yake

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo, na pole na majukumu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Matamba, wilayani Makete. Kuja kwetu kutokea Chimala unapanda ile barabara inayoitwa Hamsini na Saba, jina ililopewa kwa idadi ya kona zake. Kona ya mwisho ikiisha masikio yameshaziba, koti limeshatolewa begini, na Kitulo iko mbele yako. Ni kuhusu Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ninaandika, na nina ombi moja tu. Nitalifikia. Kwanza nivumilie nikueleze hapa ni mahali gani, maana nina wasiwasi kwamba taarifa zinazofika mezani kwako hutaja eneo, idadi ya wageni na mapato, na kwa vipimo hivyo Kitulo lazima ionekane kitu kidogo.

Na kweli ni ndogo. Ni kilomita za mraba 412.9, ambazo ukizipeleka Ruaha mgeni atazipita kabla ya chakula cha mchana. Uwanda umelala kwenye kimo cha kama mita 2,600, umezungukwa na milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone, na kilele cha Mtorwi kinafika mita 2,961. Mvua huanza Novemba. Kuanzia Desemba hadi Aprili hakuna wiki inayofanana na iliyopita: bonde uliloliacha jeupe unalikuta la manjano, ukirudi tena limeingia zambarau. Wataalamu wa mimea wanataja aina zipatazo 350, na kati ya hizo 45 ni okidi, tena okidi za ardhini, si zile za kuning'inia juu ya miti. Kuna Kniphofia zilizosimama kama mienge, nyekundu juu na njano chini. Kuna lobelia kubwa, kuna protea, kuna gladiola. Kuna okidi moja ambayo jina lake la kisayansi, Pterygodium ukingense, limebeba jina la Ukinga, kwa hiyo sisi wa Makete tuna ua letu hata kwenye vitabu vya Kilatini.

Tembo hakuna. Simba hakuna. Tandawala yupo, anatembea nyasini kwa madaha kama mzee wa baraza, na mbayuwayu wa buluu huja kuzaa huku wakati wa mvua kisha huondoka kwenda ukanda wa Ziwa Viktoria kusubiri baridi yetu ipite.

Wenyeji tunapaita Bustani ya Mungu. Wageni wakaja na jina lao, Serengeti ya Maua, nalo ndilo linalopendwa kwenye matangazo. Mimi silipendi. Nalielewa, ni sifa, lakini linanionyesha kwamba hata tukiwa na maua tunahitaji kuyafananisha na nyumbu ndipo mtu aamini kuwa ni utajiri. Serengeti haijawahi kuitwa Kitulo ya nyumbu.

Mwaka juzi, mwezi wa Julai, basi la wageni kutoka mjini lilisimama karibu na wanafunzi wangu tuliokuwa tukitembea. Baba mmoja akateremsha kioo, akauliza, "Mwalimu, wanyama wako wapi huku?" Nikamwambia hii ni hifadhi ya maua. Akatazama nyasi, zimekauka, asubuhi ile zilikuwa na barafu nyembamba kama chumvi. "Na maua je?" Mwanafunzi wangu mmoja akawahi kujibu: "Yako chini." Watu wakacheka, basi likaondoka.

Yule mtoto alikuwa sahihi, na jibu lake lina mambo mengi ndani yake kuliko alivyojua. Mimea mingi ya Kitulo huishi zaidi chini ya ardhi kuliko juu yake. Ina viazi, vitunguu na mizizi minene inayotunza chakula. Kiangazi kikija, baridi kali ya Juni hadi Agosti ikija, hata moto ukipita, majani hufa na mmea hubaki hai udongoni ukisubiri mvua. Ndiyo maana uwanda huu hauna miti mingi: si kwamba mtu aliikata. Baridi, moto na urefu wa mahali vimeufanya kuwa nchi ya nyasi tangu zamani sana, na mimea yake imezoea maisha hayo. Basi lile lilikuja miezi mitano mapema. Msimu wa utalii wa nchi yetu ni kiangazi, Juni hadi Oktoba, wakati barabara ni kavu na wanyama wamejikusanya kwenye maji. Maua yetu hayana habari na kalenda hiyo. Yanatoka wakati wa matope.

Hapo kwenye suala la miti naomba nikae kidogo, Mheshimiwa, kwa sababu ndipo watu wema wanapokosea zaidi. Huku wilayani mti ni benki. Mtu anapanda mipaini mtoto akizaliwa, na mtoto akifika sekondari mbao zinalipa ada. Ada ya kaka yangu ililipwa hivyo, sina ugomvi na mpaini uliopandwa shambani. Ugomvi wangu ni pale mtu anapotazama uwanda wa nyasi, akauona kuwa umekaa "wazi" au "mtupu", akaamua kuutunza kwa kupanda miti. Kivuli cha mpaini kikishatanda, okidi haioti tena. Mbegu za mpaini nazo hazisomi bango la mpaka, zinabebwa na upepo. Na nyasi hizi zilizodharauliwa ndizo zinazoshika mvua na kuiachia polepole. Maji yanayoshuka kaskazini yanakwenda Usangu na kuingia Ruaha Mkuu, ule unaopeleka maji kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Yanayoshuka upande wa pili yanaishia Ziwa Nyasa. Taa ya mtu anayesoma barua hii Dar es Salaam huenda ina tone la Kitulo ndani yake.

Sasa historia, kwa ufupi, maana nataka uone jambo moja linalojirudia.

Mwaka 1877 Mwingereza Frederic Elton, aliyekuwa konseli wa nchi yake Msumbiji, alipita nyanda hizi akitokea Ziwa Nyasa. Hakumaliza mwaka, alifia safarini Ugogo mwezi Desemba. Lakini ramani zikauita uwanda huu kwa jina lake kwa miaka mingi. Bibi yangu alichunga mbuzi wake huku mpaka uzeeni bila kujua kwamba alikuwa juu ya Uwanda wa Elton. Baada ya uhuru uwanda ukaonekana unafaa kwa ngano na kondoo wa sufu, majembe ya trekta yakaingia. Baadaye wakaja ng'ombe wa maziwa, na shamba la serikali lenye ng'ombe aina ya Friesian lipo hadi leo, maziwa yake mazuri, sikatai. Wakulima nao wakapanda pareto na viazi mviringo mpaka ukingoni. Kila kizazi kilipanda juu hapa kikauliza mahali hapa panaweza kutoa nini, na kila kizazi kikajibu kwa kitu ambacho hakikuwa cha hapa.

Ndipo mwaka 2005 serikali ikafanya jambo la kipekee. Kitulo ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Nilikuwa mwalimu mpya. Wazee wengine walinuna kwa sababu njia za kupita na kuchunga zilifungwa, na kununa kwao kulikuwa na haki yake. Mimi nilifurahi, na nilikuwa na sababu yangu ambayo sikumwambia mtu.

Mheshimiwa, nina la kukiri. Mwaka 1998, nikiwa darasa la sita, nilichimba chikande.

Huenda unalijua jambo hili kwenye mafaili kama biashara haramu ya viazi vya okidi. Sisi tulilijua kama sare ya shule. Mfanyabiashara alikuja na debe tupu, akaondoka na debe limejaa, mzigo ukaenda Tunduma na kuvuka kuingia Zambia. Kule viazi hivyo hukaushwa na kutwangwa, unga wake ukapikwa pamoja na unga wa karanga, magadi na pilipili mpaka ushikane kama mkate, ukakatwa vipande na kuliwa kama nyama. Wanaita chikanda. Zamani kilikuwa chakula cha vijijini kaskazini mwa Zambia. Kikaingia mijini, kikapendwa, okidi za kwao zikapungua, macho yakageukia kwetu.

Kila okidi ya namna hii ina viazi viwili ardhini. Kimoja ni cha mwaka huu, kimelegea kwa kuwa mmea unakila ili utoe ua. Cha pili ni kigumu, kimejaa, ni akiba ya mwaka ujao. Tulichotaka sisi ni kile kigumu. Niliingiza vidole udongoni, nikaminya kimoja, nikaminya kingine, nikavunja kilicho kigumu. Mara nyingi ua lilibaki limesimama palepale siku kadhaa, limechanua vizuri tu, halina habari kwamba halina mwakani. Mbegu zake zingeweza kusaidia, lakini mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula, haiwezi hata kuota mpaka ikutane na kuvu fulani udongoni wa kuilisha, na baada ya hapo miaka hupita kabla ya ua la kwanza. Debe moja lilichukua mamia na mamia ya mimea. Nilijaza madebe, sijui hata mangapi, msimu ule mmoja.

Mwaka 2003 Tim Davenport na Henry Ndangalasi walichapisha utafiti kuhusu biashara hii katika Nyanda za Juu Kusini. Walikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikivuka kwenda Zambia kila mwaka, na kwamba aina hadi 85 za okidi zilikuwa hatarini. Nilipokuja kuyasoma hayo chuoni nilifunga karatasi nikatoka nje. Utafiti huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyosaidia kuonyesha kwamba Kitulo inahitaji ulinzi, na ukapatikana. Leo ndani ya mpaka Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, haina mzaha. Okidi hizi zote pia zimo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo kuzivusha mpaka kunataka kibali.

Sasa nifike kwenye ombi. Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa na tembo zaidi ya 109,000. Mwaka 2014 walihesabiwa tena kwa ndege, wakapatikana 43,000 na kidogo. Nakumbuka siku habari ile ilipotangazwa redioni: gari zima lilinyamaza, na humo hakukuwa na hata mtu mmoja anayeishi karibu na tembo. Namba ile ilileta kelele bungeni, ikaleta fedha, ikaleta doria, ikaleta kesi mahakamani. Isingehesabiwa, tungeendelea kusema tembo wapo wengi.

Nauliza, Mheshimiwa: ikiwa okidi za bonde moja la Kitulo zitapungua kwa kiasi kilekile ndani ya miaka mitano, ni nani atakayejua, na atalisikia redio gani? Hifadhi hii ilianzishwa kwa ajili ya maua. Naomba ipimwe kwa maua. Kila mwaka, kuanzia Desemba hadi Aprili, maua ya Kitulo yahesabiwe, bonde kwa bonde, sehemu zilezile kila mara, na hesabu itangazwe hadharani kama inavyotangazwa ya tembo. Usipande nayo ndege. Fremu ya mbao ya mita moja kwa moja inatosha, inalazwa chini, yaliyomo ndani yanahesabiwa na kuandikwa, kisha inahamishwa hadi alama inayofuata. Wanafunzi wangu wa darasa la tano wanaiweza kazi hiyo, nimewajaribu nje ya mpaka kwenye nyasi za shule.

Na wahesabuji wengine mnao tayari, wala hamjawauliza. Mtu aliyechimba chikande miaka kumi anatambua okidi kwa jani moja kabla haijatoa ua, anajua inapenda upande gani wa mteremko, anajua mahali ambapo zilijaa na sasa hazipo. Ujuzi huo mpaka leo umetumika kwa jembe tu. Wako akina mama na akina baba kijijini kwangu wangeufanya kazi nyingine kwa posho ya kawaida ya kibarua, na kwa sharti la kutoulizwa sana juu ya miaka ya nyuma.

Usidharau ujuzi wa kijijini, Mheshimiwa. Kipunji ni shahidi. Wanyakyusa wa upande wa Rungwe walikuwa wakimtaja kima wa ajabu mwenye haya, na wengi waliosikia wakadhani ni hadithi. Watafiti wakafuata maneno yale, wakamwona mwaka 2003, na mwaka 2006 ikathibitika kwamba si aina mpya tu bali ni jenasi mpya kabisa, yaani kundi zima la juu ya aina, ya kwanza kwa kima wa Afrika tangu 1923. Sayansi ikampa jina Rungwecebus kipunji, ikabakisha jina walilompa wenyeji. Anaishi pia ndani ya msitu wa Livingstone, humohumo hifadhini Kitulo. Maua hayajapata heshima hiyo. Bibi yangu alikuwa na jina la Kiwanji kwa kila ua lililokuwa na kazi: la kutibu tumbo, la kumtuliza mtoto, la kuonyesha kwamba mvua kubwa imeisha. Wakinga wana majina yao, Wanyakyusa yao. Wakati wa kuhesabu ndio wakati wa kuyaandika, maana mwenye fremu atakuwa ameinama na mzee atakuwa amesimama pembeni yake, na mzee akisimama pembeni yako hawezi kunyamaza.

Najua utaambiwa kwamba fedha hakuna. Nilifuatilia mradi mkubwa wa kukuza utalii wa kusini, nikaona umetaja Ruaha, Mikumi, Udzungwa na Nyerere, Kitulo haikuwemo. Sikushangaa. Mradi unataka namba, nasi hatuna namba za kuwapa ila zile za wageni, na wageni tunawaleta Julai. Hesabu ya maua ingetengeneza hata hilo: kama mtu wa Mbeya angesikia kila Ijumaa kwamba wiki hii bonde fulani limefunguka, na kwamba zambarau imeanza wiki moja mapema kuliko mwaka jana, angepanda gari Jumamosi kupitia Isyonje bila kusubiri tangazo lolote la televisheni.

Utaambiwa pia kwamba ukitangaza bonde lenye okidi nyingi umemwonyesha mchimbaji njia. Hoja hiyo naiheshimu, nimeifikiria sana. Ila mchimbaji anaijua njia. Aliijua kabla ya mtafiti na kabla ya askari. Asiyeijua ni wewe, na mimi, na kila mtu ambaye angepaswa kushtuka. Kama ni lazima, mtangaze hesabu ya bonde zima, alama za fremu zibaki kwenye daftari la hifadhi.

Sijagusa suala la nje ya mpaka, ambako chikande bado kinachimbwa na ambako sheria ya hifadhi haifiki, wala suala la kujaribu kuotesha okidi hizi shambani, kazi ngumu lakini si ya kuachwa. Hayo yanahitaji barua nyingine, na pengine waziri mwenzako wa kilimo. Hili la kuhesabu liko mikononi mwako peke yako, na mvua za Novemba haziko mbali.

Ukija, tafadhali usije Julai. Njoo Februari, wiki yoyote, ulete buti za mvua na gari lenye magurudumu mazuri. Nitakuwa kwenye kilima cha kwanza baada ya geti na watoto arobaini na fremu sita. Ya saba tutakuachia wewe.

Wako mtiifu,

Mwalimu, Matamba, Makete